Kona ya Nne ya Betri

Wewe uliliona lile rundo. Usijitie hamnazo. Ulipita bondeni nyuma ya nyumba zetu, ukaona masanduku meusi ya betri za mabasi yamepandana kama majeneza yaliyokosa makaburi, mengine yamevimba tumbo, mengine yanadondosha maji ya kijani. Ukavuta kola ya shati mpaka puani, ukaongeza mwendo. Ulipofika kwako ukasema siku hizi mtaa una harufu, ukafunga dirisha. Miwani ya mbao uliivaa mwenyewe, hakuna aliyekuvisha. Wala si mara ya kwanza. Kabla ya betri yalikuwa mapipa ya kiwanda cha rangi, ukapita. Kabla ya mapipa zilikuwa friji mbovu zilizotupwa milango wazi, ukapita. Bonde lile limemezeshwa kila kitu ambacho wenye nacho wamechoka kukitazama, na sisi wa chini tumekunywa mchuzi wake kisimani.

Basi kaa hapo, upewe habari za mwanamke ambaye hakupita.

Jina alilopewa na wazazi mtaa ulikwishalisahau. Aliitwa Koili, kwa kuwa ujana wake wote ulikwisha akisuka upya koili za mota za pampu na za mashine za kusaga, kichwa kimeinama, waya wa shaba umebanwa mdomoni kama uzi wa mshonaji. Zikaja mota za bei ya kutupa, zikiharibika hazisukwi, zinatupwa. Kazi ikamkimbia, mikono ikabaki na njaa. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati chenye kuta tatu. Mbele kulikuwa na mlango wa mbao wenye heshima zake, na nyuma hakukuwa na kitu, kumetazama bonde wazi. Hata kama angetaka kufumba macho asingeweza. Kila alipoinua kichwa, rundo hilo hapo.

Kampuni ya mabasi ya umeme ilipoingia, ilitupigia ngoma: basi halina moshi, vifua vya watoto vitapona. Na kweli moshi haukuwapo. Hilo hatulibishi, anayesema uongo juu ya adui yake humpa adui silaha. Lakini betri ya basi nayo huchoka. Ikishindwa kupandisha mlima na abiria waliojaa mpaka mlangoni, inang'olewa, inawekwa mpya, na ile kuukuu inashushwa bondeni. Kwa muda tu, walisema. Muda ule ukaota mvi.

Siku moja Koili alishuka na spana, mita yake ya kupimia umeme na glavu za mpira, akafungua sanduku moja. Ndani alikuta seli bapa, kila moja ukubwa wa tofali dogo, zimepangwa safi kama vitabu vya msikitini. Akapima ya kwanza. Akapima ya pili. Akachuchumaa pale pale, hasira ikampanda kutoka unyayoni.

"Wifi," aliita kuelekea karakana. "Njoo uone watu wanavyozika walio hai."

Wifi yake, mke wa kaka yake, aliteremka akifuta mikono kwenye kanga. Tangu kaka mtu aende kutafuta kazi mbali akasahau njia ya kurudi, wanawake hawa wawili walikuwa wakila chungu kimoja na kugombana kila siku kwa furaha.

"Mimi nilidhani unaniitia chai," wifi alisema. "Kumbe maiti."

"Maiti gani? Tazama mshale. Hii imebakiwa na nguvu zaidi yako."

"Kama imebakiwa na nguvu, mbona imetupwa?"

"Haiwezi kuvuta basi mlimani. Mtu akishindwa kubeba magunia unamchimbia kaburi? Si unampa kiti, akae na wajukuu?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Walipandisha seli moja moja, wakazipanga rafuni, na wakajitungia sheria yao, ambayo hakuna aliyewafundisha. Seli ilipimwa, ikachajiwa, kisha ikalazwa. Kulaza maana yake kuiacha peke yake, haijaunganishwa na chochote, ikalala siku kadhaa. Wakiamka nayo alfajiri, bati la paa likiwa bado baridi, wanaipima tena na kuigusisha shavuni. Iliyotunza umeme wake na ubaridi wake ilikuwa nzima. Iliyokwisha kabisa waliiita marehemu. Na ile iliyopima vizuri siku ya kwanza, kumbe ndani inajila yenyewe kimyakimya na kupata joto bila kazi, hiyo waliiita mnafiki. Marehemu hana neno, wifi alipenda kusema. Wa kuogopwa ni mnafiki.

Seli nzima zilifungwa pamoja kwenye masanduku ya mbao, zikawekewa kidhibiti cha chaji na fyuzi, na juu ya paa kibao cha umeme wa jua. Taa za kwanza ziliwaka kwa bibi wa kona anayeuza maandazi, za pili kwa fundi cherehani. Kisha mtaa ukaanza kuwaka kama mtu anayetabasamu jino baada ya jino. Watoto walisoma. Mashine ya cherehani iliimba. Zile betri zilizotunyima pumzi zikaanza kutulipa.

Sasa kosa. Halifichwi hapa, maana waliolificha ndio waliokuja kuligeuza fimbo.

Kinyozi wa kibanda cha jirani, mtu wa maneno mengi kuliko nywele anazokata, alitaka sanduku lake upesi. Kila siku alisimama mlangoni pa karakana na mashine yake ya kunyolea mkononi.

"Koili, dada yangu, wateja wamekuwa majini kwa nywele. Zile seli zinalala kama zimeolewa. Ziamshe."

"Zinaamshwa alfajiri."

"Alfajiri, adhuhuri, shavu si lile lile?"

Koili alichoka naye. Akaziamsha adhuhuri, msimu wa joto, bati la paa likitoa moto kama kikaango na rafu iko chini yake tu. Kila seli ilikuwa ya vuguvugu. Shavu halikuweza kumtambua mwenye homa katikati ya watu wote wenye jasho. Mita nayo ilionyesha upungufu kidogo kwenye moja, akasema ni joto. Mvivu wa kuchagua hula chuya, na mnafiki akapita akaingia kwenye sanduku la kinyozi.

Lilianza kufoka moshi mchana kinyozi akiwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Wifi ndiye aliyelivuta kwa reki mpaka nje, Koili akalifukia kwenye shimo la mchanga lililochimbwa nyuma ya karakana kwa ajili ya siku kama ile. Pazia liliungua na dari likapata weusi. Hakuna aliyeumia, isipokuwa mteja, aliyekimbia na kichwa chake cha nusu na mpaka leo anaitwa Mwezi Mchanga.

Koili hakukimbilia maneno. Alikwenda kwa kinyozi, akapaka dari rangi kwa mkono wake, na mbele ya wote waliokuwa na masanduku akasema, "Niliharakishwa nikakubali kuharakishwa. Kukubali ni kosa langu. Leteni masanduku yote, yafunguliwe na kulazwa upya." Yakaletwa. Yakalazwa. Mtaa ulikaa gizani siku hizo bila kunung'unika, na kinyozi alikata nywele kwa mkasi akiwa kimya, jambo ambalo wazee walisema hawajalishuhudia maishani.

Lakini habari ya moshi ilikuwa imeshafika kwa Kampuni, na Kampuni ikajua wa kumtuma.

Alitumwa Msemaji. Hilo lilikuwa jina lake tangu utotoni, kabla hajaota meno alikuwa akibishana na kuku. Mama yake alikuwa mdogo wake Koili, alifariki mtoto akiwa bado anatambaa, na Koili ndiye aliyemlea kwa uji, kwa kofi na kwa karo iliyotoka kwenye koili za pampu. Alipokua Kampuni ikampa kazi ya kusema kwa niaba yake. Jina na kazi vikakutana.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema mlangoni, mkononi ana kufuli jipya, nyuma yake walinzi wawili wanatazama ardhi.

"Marahaba. Umekonda. Au hilo shati ni la mtu mwingine?"

"Mama mkubwa, leo sikuja kama mwanao."

"Basi chukua shikamoo yako, uje nayo siku utakayokuja kama mwanangu."

"Na kiti usikiguse," wifi aliongeza kutoka nyuma ya rafu. "Hicho ni cha mtoto wetu. Wageni wa Kampuni wanasimama."

Msemaji alibaki kwenye kizingiti. Akasema alichotumwa: kwamba betri zote ni mali ya Kampuni, kwamba zilichukuliwa bila ruhusa, kwamba moto wa kwa kinyozi umeonyesha hatari ya kuzichezea, kwamba kufikia Ijumaa kila seli irudishwe, na karakana ifungwe kuanzia sasa.

"Zilipokuwa bondeni," Koili aliuliza, "zilikuwa mali ya nani?"

"Zilikuwa zinasubiri utaratibu."

"Watoto walipotoka malengelenge miguuni kwa kuchezea yale maji ya kijani, tulikuja ofisini kwenu. Ulitujibu nini?"

Msemaji aligeuzageuza kufuli mkononi.

"Wewe si Msemaji? Sema."

"Nilisema hazina madhara."

"Kwa kinywa hicho hicho nilichokilisha uji. Basi nieleze, nielewe kabla sijafa: mlipotutupia zilikuwa takataka zisizo na madhara. Zilipowasha taa zikawa mali yenye hatari. Kilichobadilika ni betri au ni sisi?"

"Mama mkubwa, mimi natumwa."

"Najua. Hata mshale hutumwa."

Msemaji alifunga mlango kwa kufuli lile jipya, akajaribu kulivuta kuona kama limekamata, akaondoka na walinzi wake. Wifi alisubiri mpaka walipopinda kona, akazunguka nyuma ya karakana pasipo na ukuta, akaingia, akaketi kwenye kiti. "Wametufungia sana," alisema.

Koili hakucheka. Jioni watu walikuja bondeni wakiwa makundi mawili. Kundi moja lilisema turudishe tuombe radhi, Kampuni ni kubwa, na kikubwa hakigombwi. Jingine lilisema tufiche, kila nyumba ichimbe shimo lake. Kinyozi alikuwa kwenye makundi yote mawili kwa zamu. Walibishana mpaka wakafikia kutajiana wakwe.

"Tutarudisha," Koili alisema.

Wifi alimgeukia kama aliyepigwa kibao. "Umekula nini leo?"

"Wamesema kila seli. Hawakusema nzima tu. Sisi ni nani tumnyime mtu mali yake?" Alinyoosha kidole kwenye rundo. "Tuanze na marehemu."

Walipomwelewa kikatoka kicheko ambacho bonde lile halikuwa limekisikia tangu enzi za mapipa.

Hawakwenda kihuni. Ijumaa asubuhi ncha za kila betri zilifungwa utepe usiopitisha umeme. Zilizovimba zililazwa ndani ya masanduku ya mchanga, juu ya mikokoteni, na mtu wa kutembea kando ya kila mkokoteni na ndoo ya mchanga wa akiba. Watoto waliachwa nyumbani pamoja na kelele zao. Lakini sanduku zima la betri ya basi, moja la yale yaliyopimwa kwa nje yakakutwa marehemu bila kufunguliwa, halikuingia kwenye mkokoteni wowote. Lina mishikio kwenye kona nne na linataka watu wanne. Koili alishika kona ya mbele, wifi ya pili, kinyozi ya tatu.

Kona ya nne haikuwa na mtu. Waliobaki wote walikuwa kwenye mikokoteni au kwenye ndoo.

Koili akafanya jambo ambalo tangu siku ile limekuwa desturi yetu. Alimwita mpita njia wa kwanza. "Wewe mwenye mkoba. Shika hapa mpaka kwenye nguzo ile." Mtu yule, mwalimu aliyekuwa anakwenda zake shuleni, alitazama kushoto na kulia kama anayetafuta mwalimu mwingine, kisha akaweka mkoba begani, akashika. Kwenye nguzo akapokelewa na dada anayeuza vocha. Dada akapokelewa na mpiga debe aliyeacha kupiga debe. Hivyo hivyo, nguzo kwa nguzo, kona ya nne ikatembea mtaa mzima mikononi mwa watu ambao asubuhi ile walitoka nyumbani bila nia yoyote.

Si wote. Wapo waliochomoa simu ghafla wakaanza kuzungumza na mtu asiyekuwapo. Wapo waliokumbuka maumivu ya kiuno. Koili hakuwatukana, aliwatazama usoni vizuri tu, kama anayepima seli, na kuita anayefuata.

"Mkono wangu umekufa," kinyozi alilalamika.

"Ulaze," wifi alimjibu. "Alfajiri tutaupima."

Lango la Kampuni liko kwenye barabara kuu, pale abiria wanapopanga foleni ya mabasi. Foleni ilikuwa ndefu. Walinzi walipoona msafara wakasukuma lango, likafungwa. Mlango mdogo ukafunguka, akatoka Msemaji mbio, shati limechomoka.

"Mama mkubwa, msiziweke hapo. Zinaweza kulipuka."

Koili alisimama. Jasho lilimteremka machoni lakini kona hakuiachia. "Rudia."

Ndipo kijana alipojisikia mwenyewe. Aliitazama foleni ya abiria, ikamtazama. Aliyatazama madirisha ya ofisi juu, na kwenye dirisha moja pazia lilisogea. Koili alimwona akifuta midomo kwa kiganja, vile vile alivyokuwa akiifuta utotoni akikamatwa na sukari mdomoni.

"Masikio ya nyuma hayakusikia," Koili alisema, sasa kwa upole. "Una jina zuri, mwanangu. Litumie."

"Zina hatari," Msemaji alisema. Kisha akageukia foleni, akainua sauti. "Hizi betri zina hatari. Zilikuwa na hatari tangu tulipozitupa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja kwenye foleni alimsogeza mwanawe nyuma yake, akauliza, "Na kule bondeni kuna nyingine ngapi?" na swali lile likapita kwenye foleni mdomo kwa mdomo mpaka mwisho.

"Ziteremsheni taratibu," Msemaji aliwaambia, akawaamuru walinzi walete mchanga. Wakateremsha. Hakushika kona, tusimsingizie sifa asizokuwa nazo. Lakini alisimama pale juani, kati ya lango na betri, mpaka mwisho.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema walipokuwa wanageuka kuondoka.

Koili alimgeukia. "Marahaba. Kiti chako kipo."

Mchana ule ule lilikuja gari lenye watu waliovaa mavazi mazito, barakoa na glavu mpaka viwikoni, wakazipakia betri zote za pale langoni na kuondoka nazo kwenda zinakoyeyushwa zikatolewa madini yake. Mavazi yale, gari lile na mahali pale pa kuyeyushia vilikuwapo siku zote. Havikuwa vimekuja bondeni kwa sababu bondeni hakuna foleni ya abiria inayotazama. Wanazoa kile kinachowazibia mlango, basi.

Tumewaelewa. Kesho yake Kampuni ilileta msemaji mwingine, ambaye hatukumlea sisi, akasema amri ya kurudisha kila seli ipo pale pale. Tukamjibu tunaiheshimu sana. Nzima tunaendelea kuzilaza na kuzifunga, wakizitaka waje nyumba kwa nyumba wazime taa kwa mikono yao, watoto wakiwatazama. Marehemu na wanafiki tunawapelekea langoni. Msemaji wa kwanza hana kazi sasa. Anakaa kwenye kile kiti, anafunga tepe na kubishana na wifi. Kufuli bado lipo mlangoni, linang'aa, Koili hulipangusa vumbi kila asubuhi na kupitia nyuma.

Na rundo bado lipo. Limepungua ubavu mmoja, huo mwingine umeegemea njia ya maji, na mawingu umeyaona mwenyewe. Yaliyobaki chini ni masanduku mazima, yale yasiyopanda mkokoteni. Koili ameshainama kwenye kona yake. Wifi ameshika ya pili. Kinyozi, na mkono wake uliolazwa, yuko kwenye ya tatu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa huna tena pa kusema hukuona. Simu iweke mfukoni, kiuno tutakikanda baadaye. Shuka bondeni, shika kona ya nne, utupeleke mpaka kwenye nguzo. Sasa hivi, kabla mvua haijatangulia.